Mtani Hajafika

"Koti waweza kukaa nalo, afande. Bunduki kama unayo, lete hapa," alisema Mashavu bila kumwangalia. "Kwangu bunduki hainywi pombe."

Inspekta Semboja hakuwa na bunduki. Alikuwa na daftari, kalamu na mafua makali, na muda hakuwa nao. Ilikuwa saa mbili asubuhi, Jumatatu, na kilabu cha pombe cha Kerenge kilinuka pombe ya boha ya jana. Katikati ya mabenchi mtu alikuwa amemwaga majivu kufunika damu, tena kwa uvivu, maana damu ilionekana pembeni vilevile.

Damu hiyo ilikuwa ya Mhina, Mzigua, kamanda wa mgambo wa kijiji. Jana saa kumi jioni alipigwa risasi hapohapo, mbele ya watu wasiopungua ishirini, akakata roho kabla hajafikishwa mlangoni. Watu ishirini! Na wote, eti, walimwona mtu mmoja tu: Laurenti, mkata mkonge, Mnyamwezi aliyezaliwa kambini kwa vibarua wa mkonge, baba yake alikuja zamani na manamba. Walimfunga kamba, wakamtia kwenye stoo ya mbegu ya kijiji. Saa sita mchana gari la polisi lingekuja kumchukua kumpeleka Tanga kwa kosa la kuua, na malipo ya kosa hilo ni kitanzi.

"Nenda ukasaini maelezo ya mashahidi," mkuu wake wa Korogwe alikuwa amemwambia. "Usiende kujitafutia kazi."

Semboja alipiga chafya, akafungua daftari.

"Bunduki za wateja zinakaa wapi?"

Mashavu, mwenye kilabu, alionyesha kwa kidevu. Ukutani, nyuma ya mapipa, palikuwa na misumari minne mirefu ya reli. Kwenye mmoja lilining'inia gobore.

"Mwenye gobore akiingia analitundika, anatoa fataki ananipa. Naiweka kwenye mkebe. Akitoka namrudishia. Bila fataki gobore ni fimbo tu. Utaratibu huo aliuweka Mhina mwenyewe, tangu operesheni ya vijiji ituhamishie hapa."

"Na gobore hili la nani?"

"Lake."

"Ndilo Laurenti alilompigia?"

"Ndivyo watu wanavyosema."

"Sikuwauliza watu, mama. Nakuuliza wewe."

"Na mimi nakujibu. Ndivyo wanavyosema."

Semboja aliuchukua mkebe wa majani ya chai akautikisa. Ndani ililia fataki moja.

"Hii ya nani?"

Mashavu alipangusa kata ya pombe ambayo ilikuwa kavu tangu mwanzo. Inspekta hakungoja jibu. Alilishusha gobore, akachomoa mdeki, ule ufito wa chuma wa kushindilia baruti, akauingiza mtutuni taratibu mpaka ukagota. Akabana alama kwa kidole gumba, akauchomoa, akaulaza juu ya mtutu kwa nje. Ulikuwa umeishia shibiri nzima kabla ya mwisho.

"Sajini, njoo utazame. Gobore hili limeshiba. Baruti imo, vyuma vimo, fataki iko kwenye mkebe. Halijalia jana wala juzi. Andika."

Sajini Mbaruku aliandika, ila kwa shingo upande. Yeye ndiye aliyefika jana jioni kuchukua maelezo, na kazi yake aliiona safi.

"Lakini afande, maelezo yote yanakubaliana. Sikiliza." Akasoma. "'Laurenti alimwambia marehemu: Mhina, leo nakuzika.' Mashahidi saba, neno lilelile."

"Na Mhina alijibu nini?"

Mbaruku alifunua karatasi, akafunua tena. "Hakuna aliyesema."

"Uliuliza?"

"Sikuuliza, afande."

Semboja alimgeukia Mashavu. "Alijibu nini?"

"Alicheka," Mashavu alisema, akaziba mdomo, lakini lilishatoka. Akashusha pumzi. "Alicheka sana. Akasema, chimba refu, mtumwa wangu, mimi si wa kukunja miguu."

Lo! Hapo kalamu ya Semboja ilisimama. Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi. Hutukanana, hunyang'anyana kofia, huitana watumwa, kila siku huzikana kwa mdomo, na anayekasirika ndiye mwenye kosa. Jambo hilo Kerenge nzima inalijua, hata anayetambaa. Mashahidi saba hawakusema uongo hata kidogo. Walilitoa neno la utani, wakaukalia utani wenyewe, wakamwacha mwenzao aende kunyongwa.

"Mnamwogopa nani?" aliuliza.

Jibu lilitoka nje. Kwanza mlio mmoja, halafu mingi, halafu pikipiki tano zikawa zinazunguka kilabu huku zikinguruma, vumbi likaingia mlangoni likatua kwenye kata za pombe. Mashavu aliacha kupangusa. Vijana hao walijiita Vumbi. Mwezi uliopita walimpiga mwenye kilabu wa Kwedizinga kwa mnyororo mpaka akapoteza jicho, na Kwaluguru walichoma paa la mtu aliyewadai pesa ya pombe. Kote huko polisi walipofika, hakuna aliyeona kitu.

Aliyeingia alikuwa kiongozi wao, Sadala, kijana wa Dar es Salaam, mrefu, amevaa koti la ngozi na jasho linamtiririka.

"Vipi, afande! Bado mnaandika tu? Si mmeshapata mtu wenu?"

"Kwenu hawaamkii?"

"Shikamoo," Sadala alisema, akatema mate kwenye majivu.

"Jana ulikuwepo hapa?"

"Tulipita, tukanywa, tukasepa. Huyo Mnyamwezi wenu alifanya mambo yake nyuma. Muulize mama."

"Joto hili lote, tundika basi koti upate hewa. Misumari iko wazi."

"Koti langu halitundikwi." Alijipiga kofi kiunoni, upande wa kulia, na kilichosikika hakikuwa mlio wa nyama. Kisha akamwinamia Mashavu. "Mama, paa lako la makuti hili, eh? Makavu kweli mwaka huu."

Akatoka. Semboja alimtazama tu. Yeye na sajini walikuwa wawili, na silaha yao ilikuwa rungu moja. Kumpekua pale kungeongeza maiti, wala si ushahidi.

"Ebo! Afande, umeona kiunoni?" Mbaruku alinong'ona.

"Nimeona. Twende kwa maiti."

Nyumbani kwa Mhina watu walijaa uani, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na polisi walipoingia mazungumzo yalikatika. Hakuna aliyewakaribisha hata kigoda. Semboja alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Abdi, aliyeiosha maiti.

"Shikamoo, mzee. Poleni na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa."

"Jeraha ulilionaje?"

Mzee aliwaangalia waliokuwa karibu mpaka wakasogea. "Tundu moja, chini ya chuchu ya kushoto. Dogo. Kidole changu cha mwisho hakiingii."

"Gobore?"

"Gobore! Mimi nimewinda nguruwe miaka arobaini, mwanangu. Gobore kwa karibu vile linaacha shimo la kuingiza ngumi." Alifungua fundo kwenye pembe ya shuka yake, akatoa kidude cha risasi kilichobonyea, kidogo kuliko punje ya hindi. "Hii ilikuwa mgongoni, chini ya ngozi. Mjane aliridhia, tabibu wa zahanati akaitoa kwa wembe."

Semboja aliipokea kwa leso, akaigeuza juani. Ya bastola. "Mbona hukumpa sajini jana?"

"Hakuniuliza."

Mbaruku akajifanya anatazama kuku.

"Na maziko saa ngapi, mzee?"

"Yangekuwa saa tatu. Mjane wake, Mwantumu, amezuia maiti isitoke. Anasema mtani hajafika."

"Si nawaona Wanyamwezi wa kambini pale?"

"Amewakataa. Anamtaka wa Mhina mwenyewe. Anamtaka Laurenti."

Kwa Semboja hilo lilizidi maelezo yote saba. Mjane hamwiti muuaji wa mumewe aje kumchekesha msibani. Lakini msimamo wa mjane hauwezi kumshinda wakili wa serikali Tanga, na saa ilikuwa imeshafika nne kasorobo.

Stoo ya mbegu ilikuwa na giza na vumbi la pamba. Laurenti alikaa juu ya gunia na pingu za sajini mikononi, jicho moja limevimba. Alipoona ni polisi akainamisha kichwa tena.

"Nani alimpiga Mhina?"

"Sikuona."

"Mlikuwa benchi moja."

"Nilifumba macho, afande."

"Kabla ya mlio au baada?"

Laurenti aligeuzia uso ukutani.

"Grasiana yuko wapi?" Semboja aliuliza. Grasiana alikuwa mkewe.

Hapo mtu yule alimwinukia kwa hasira. "Mwacheni mke wangu! Jana jioni walikuja wakaizunguka nyumba yangu na pikipiki zao, zunguka zunguka, hawasemi neno, mpaka mtoto akatapika kwa moshi. Mgambo aliyenilinda hapa ndiye aliyenieleza, akaniambia hizo ni salamu. Wewe niandike unavyotaka. Andika nimeua. Nikinyongwa, nanyongwa peke yangu."

Semboja alifunga daftari akaliweka mfukoni, ili alione likiingia.

"Sikuja kuchukua maelezo. Nimetumwa. Mwantumu amezuia maiti, anasema mtani hajafika."

Laurenti alijishusha tena juu ya gunia. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akajifuta pua kwa chuma cha pingu.

"Amesema hivyo Mwantumu? Mwenyewe?"

"Mwenyewe. Sasa mimi ni Msambaa, nikikosea nisahihishe. Mtani msibani akisema jambo, nani anaruhusiwa kumkasirikia?"

"Hakuna."

"Akimwigiza marehemu?"

"Ndiyo kazi yake."

"Akamwigiza mpaka mwisho wake?"

Laurenti alimkazia macho. Alikuwa ameelewa. "Yule wa Dar hajui utani, afande. Atanipiga."

"Huenda," Semboja alisema. Hakutaka kumdanganya. "Msibani hatakosa kuja kuwachunga mashahidi, nami nitasimama hatua nne kutoka kwake. Sajini atakuwa kwenye pikipiki zao. Zaidi ya hapo sina cha kukupa."

"Na pingu?"

"Zibaki. Nikikufungua sasa watashtuka."

Nje, Mbaruku alimvuta mkono. "Afande, mkuu akisikia mtuhumiwa ametolewa..."

"Andika nimemtoa mimi. Saa nne na dakika kumi. Halafu niambie, unajua kufungua plagi ya pikipiki?"

Walipoingia uani watu walinyanyuka. Wale watano wa Vumbi walikuwa wameshafika. Waliziegesha pikipiki nyuma ya zizi, wakaja kuegemea ua wa miti, kila mmoja na jicho lake kwa shahidi wake. Hawakuwa wamekuja kumlilia mtu. Walikuja kuhesabu nani anaongea na nani. Sadala alimwona Laurenti na pingu zake, akacheka. Semboja alijisogeza taratibu, akajipenga kwenye leso kama mtu aliyeshindwa na mafua, akasimama hatua nne kutoka kwenye lile koti.

Mlangoni alitokea Mwantumu, mjane, kajifunika kaniki. Mkononi alikuwa na kofia ya Mhina ya mgambo.

"Mtumwa wewe!" alipiga kelele na sauti yake ikapasuka katikati. "Bwana wako amelala tangu jana na wewe unatembea tu! Njoo ufanye kazi!"

Akamrushia ile kofia. Laurenti aliidaka kwa mikono yote miwili, akaivaa. Na hapo, jamani, Mhina akarudi. Mguu wa kulia ukawa unaburuta kidogo, tumbo likatangulia, kidevu kikainuka. Akapita kwa wanawake akiwakagua kama gwaride.

"Wewe! Umefagia? Wewe! Mbona shamba la kijiji huendi? Nakuandika!"

Kicheko kiliwatoka watu kabla hawajajua. Mwanamke mmoja alikaa chini kwa kucheka, na huko chini kilio kikampata.

"Mashavu!" aliita Mhina yule. "Kata moja, na fataki yangu hiyo. Mtumwa wangu Laurenti yuko wapi? Yule pale, mlevi. Eti leo ananizika! Chimba refu, mtumwa, mimi si wa kukunja miguu!"

Watu wakacheka tena, ila sasa baadhi yao walianza kuangalia chini. Walijua hadithi inakokwenda. Laurenti aligeuka, akamtazama mtu asiyekuwepo, mrefu kuliko yeye.

"Kijana," alisema, na hakuiga tena kwa mzaha, ilikuwa sauti ya Mhina kabisa. "Hicho cha kiunoni kitundike msumarini. Hapa bunduki hainywi pombe. Hata mimi kamanda langu lile pale. Kitundike, kisha ukae, unywe."

Mashavu alikuwa amejishika kifua.

Kisha Laurenti akaruka upande wa pili, akawa yule kijana. Akapandisha mabega ndani ya koti ambalo hana, akatema mate. Akapeleka mikono yake iliyofungwa kiunoni. Lakini alipoitoa, aliitoa inatetemeka. Magoti yanagongana. Bastola ya hewani inamponyoka, anaidaka, inamponyoka. "Mama!" alilia kwa sauti nyembamba. "Mama, huyu mzee ananitisha! Mama, nimejikojolea!" Akabana mapaja, akatembea kwa kuchechemea, suruali kaivuta mbali na miguu.

Kicheko kilichotoka pale hakikuwa cha msiba tu. Kilikuwa cha mwezi mzima wa woga, cha jicho la Kwedizinga na paa la Kwaluguru. Wazee walicheka, wanamgambo walicheka, hata mmoja wa wale watano wa Vumbi kilimtoka puani.

"Mwongo!" Sadala alifoka. Uso ulikuwa umemwiva. "Nani alitetemeka? Mimi nitetemeke kwa kizee cha mgambo? Risasi moja tu! Moja! Hata kata sikuiweka chini!"

Kicheko kilikatika.

Mzee Abdi alisogea kwa fimbo yake mpaka mbele yake. "Mwanangu," alisema, "huyu ni mtani. Mtani hajibiwi."

Ndipo Sadala alipotambua alichokisema, na kwa nani, na mbele ya nani. Mkono ulikwenda kiunoni. Bastola ilitoka kweli sasa, nyeusi, ikaelekea kifuani kwa Laurenti aliyekuwa bado kavaa kofia ya marehemu. Semboja alizimaliza zile hatua nne, akaupiga mkono ule kwa chini na bega lake. Mlio ukapasuka, majani ya paa yakamwagika juu ya waombolezaji. Kabla hajavuta tena alikuwa hana pa kuvutia. Walimwangukia walewale mashahidi saba, na waliotangulia ni wanawake. Ilibidi Semboja alale juu yake ili wasimmalize.

"Msiue! Mkimuua mnanipa kesi nyingine! Nyie, msiue!"

Wenzake wanne walikimbilia nyuma ya zizi. Wakasikika wakikanyaga mashine, kiki baada ya kiki, na hakuna iliyowaka. Sajini Mbaruku alitoka nyuma ya banda la mbuzi na kofia yake ya polisi imegeuzwa juu, ndani plagi tano zenye grisi.

"Mnatafuta hizi?" aliuliza, na wanamgambo wakawakamata.

Semboja aliinuka, shati limechanika, damu na kamasi vimechanganyika puani. Aliifunga bastola kwenye leso yake ya pili. Akamfungua Laurenti pingu, akamvisha Sadala zilezile, zikiwa bado na joto la mtu mwingine.

Mmoja wa mashahidi alimwendea Mbaruku, mikono nyuma. "Afande, yale maelezo yangu ya jana... yafute."

"Hayafutwi," Mbaruku alimjibu kwa ukali. "Utaongeza. Anza na Mhina alivyojibu."

Saa sita gari la polisi lilipofika lilipakia watu watano, na dereva aliyetumwa kumchukua mmoja alilalamika kwamba hakuna nafasi. Laurenti hakuwepo kuliona. Alikuwa makaburini na wanaume.

Wachimbaji walikuwa wamemaliza. Laurenti aliruka ndani ya kaburi, kama mtani anavyotakiwa, akalala, na watu wakangoja adai malipo yake ndipo atoke. Hakudai kitu. Alikaa, akatazama upande wa miguu.

"Fupi," alisema.

"Limepimwa kwa kamba, Laurenti. Toka."

"Nasema fupi. Nipeni jembe. Mwenyewe aliniambia, si wa kukunja miguu."

Wakampa. Alichimba upande wa miguu shibiri moja, kisha ya pili, jicho moja limevimba na lingine halioni kwa machozi, na hakuna aliyemharakisha. Alipotosheka alilitupa jembe juu, akapokea maiti kwa mikono yenye alama za pingu, akailaza mwenyewe, miguu ikanyooka.

"Haya, Mhina," alisema. "Leo nakuzika."

Sajini Mbaruku alikuwa ukingoni na daftari lake wazi. Alikuwa ameliandika neno hilo mara saba. Mara hii alifunga daftari, akachota udongo.